Ripoti ya PDPO, tathmini ya NITA-U au cheti cha ISO: ofisi yenye afisa mmoja wa ICT ianzie wapi?

Asubuhi moja nilinunua rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, karibu na stendi ya boda, ikafungwa kwa karatasi yenye mistari. Nilipofika nusu ya chapati nikaona majina. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unakwenda kwa nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Palikuwa hata na safu ya joto la mwili, masalio ya enzi za korona. Ulikuwa ukurasa mzima wa kitabu cha wageni cha ofisi moja ya umma ninayoifahamu, na mafuta yalishaanza kula namba za watu. Siku chache baadaye nilipita getini pale nikamuuliza askari.

"Afande, kitabu hiki kikijaa mnakipeleka wapi?"

"Kinakaa stoo, mzee. Mama wa chapati akiishiwa karatasi huja kuomba."

Alijibu kwa moyo safi kabisa. Ukutani nyuma yake, ndani ya fremu, kilining'inia cheti cha usajili wa ulinzi wa data ambacho muda wake ulikuwa bado haujaisha. Ofisi ile haikuwa imemdanganya mtu. Ilijisajili, ikalipa ada, na ripoti yake ya mwaka, kama nilivyokuja kuambiwa, ilisema hakuna tukio lolote. Nani angekumbuka kuijaza chapati kwenye fomu?

Nimeanzia hapo kwa sababu ya swali ninaloulizwa na wenzangu wa wilayani na wa wakala ndogondogo: tuna afisa mmoja wa ICT, bajeti inayotosha wino wa printa na bando, na karatasi za kuonyesha kwamba tunafuata sheria zinazidi kuongezeka. Tushike ipi kwanza? Ripoti ya PDPO, ofisi ya Uganda ya ulinzi wa data binafsi, tathmini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, au tujichange tutafute cheti cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, kama mabenki? Na yupo kila mara mmoja aliyerudi kutoka warshani Kampala na mchoro wa FISMA, sheria ya Marekani ya usalama wa taarifa za serikali, kwenye flashi, akitaka tufanye kama wao.

Mimi nasema anzeni na PDPO. Lakini sababu zangu si zile zinazotajwa warshani, na ziko ofisi ambazo ushauri huu hauzifai.

Kila karatasi na swali lake

Ukizitandaza mezani utaona hazitafuti kitu kimoja. Ripoti ya PDPO inauliza: kimetokea nini? Tathmini ya NITA-U inauliza: mna nini? Cheti cha ISO kinauliza: mnaendeshaje mambo, ndani ya mipaka mliyojichorea wenyewe? FISMA ina swali la nne, ambalo kwetu huulizwa pembeni tu: na nani mwingine amehakikisha?

Ugomvi mwingi wa ofisini hutokana na kujibu swali moja kwa karatasi ya jingine. Bosi akiulizwa kilichotokea, anaonyesha cheti.

PDPO: kimetokea nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya 2019, na kanuni zake za 2021 ndizo zilizoishusha hadi kwenye meza ya karani. Katika toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 imepewa Sura ya 97, kwa hiyo ukiona barua mbili zinataja vifungu vyenye namba tofauti, usidhani mmoja kakosea. Inamgusa kila anayekusanya au kuchakata data za watu, ofisi ya umma ikiwemo. Usajili ni shilingi 100,000, na cheti hudumu miezi 12. Mkuu wa taasisi anatakiwa ateue afisa wa ulinzi wa data. Tukio likitokea, PDPO ijulishwe mara moja. Kisha, ndani ya siku 90 tangu mwaka wa fedha ufungwe, unapeleka muhtasari wa mambo mawili: malalamiko yote mliyopokea na yalipofikia, na matukio yote ya uvujaji na hatua mlizochukua. Sisi tunafunga mwaka 30 Juni, basi hesabu inaangukia mwishoni mwa Septemba.

Ni ripoti fupi, na ndiyo raha yake. Afisa mmoja anaiweza, tena bila mshauri wa kulipwa. Lakini asiyeandika kitu mwaka mzima ndiye mwenye ripoti safi kuliko wote. Ofisi yenye daftari la matukio itapeleka kumi na moja: flashi iliyopotea, barua pepe iliyokwenda kwa mtu siye, karani aliyehamishwa idara na nenosiri lake bado linafungua mfumo. Jirani yake atapeleka sifuri. Asiyejua kazi hii atampa jirani pongezi.

Halafu kuna hilo neno "mara moja". Kenya wao wametoa saa 72, na mara nyingi nimewaonea wivu. Saa 72 zinampa afisa mdogo kitu cha kumwonyesha bosi: mzee, Ijumaa saa nne tumeshachelewa. "Mara moja" kwa Kiswahili cha ofisini humaanisha baada ya kikao cha menejimenti, na kikao ni wiki ijayo, kama mwenyekiti atakuwa amerudi safari. Ushauri wangu ni kujiwekea saa zenu wenyewe, muziandike kwenye sera, mkuu atie sahihi. Kuwaambia wenye data ni hatua nyingine: PDPO ndiyo inayoamua kama wajulishwe, kwa hiyo usikimbilie redioni kabla hujawasiliana nao.

Adhabu ipo. Anayepata au kutoa data za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa hadi vipimo 245 vya shilingi 20,000 kila kimoja, yaani 4,900,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Shirika linaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Wilaya haina mauzo ya kupigia asilimia, hivyo nionavyo mimi kinachobaki mezani ni mtu na jina lake. Hilo huwafumbua macho wakuu wa idara kuliko slaidi zangu zote. Na asidhani mtu kwamba PDPO inaangalia wadogo tu: Julai 2025, baada ya raia kulalamika, iliamua kwamba Google imekiuka sheria yetu, ikaiamuru ijisajili ndani ya siku 30.

NITA-U: mna nini?

NITA-U ilizaliwa kwa sheria ya 2009, na sera ya taifa ya usalama wa taarifa ni ya 2014. Mfumo wa taifa unaofuatana nayo unazitaka wizara, idara na wakala ziwe na vidhibiti fulani vya lazima: tathmini ya hatari, uainishaji wa nyaraka, uchunguzi wa watumishi kabla ya kupewa funguo, ulinzi wa majengo, nani anaingia kwenye mfumo gani. Huku hawakuulizi nani kaanguka. Wanapita wakihesabu mashimo.

Kwa maana hiyo ni kazi bora kuliko ile ya PDPO. Kama ningekuwa na maafisa watano ningeanzia hapa bila kufikiri. Shida ni kwamba kila "ndiyo" inadai ushahidi, na mfumo wenyewe ni wa taasisi yenye kamati, mkuu wa TEHAMA na mtu wa usalama. Wilayani mtu huyo ni mmoja, na ndiye pia anayetengeneza printa, anayefunga projekta kwenye baraza na anayesakinisha WhatsApp kwenye simu mpya ya bosi. Akipewa fomu ndefu ataijaza usiku mmoja, kwa kukisia.

Nimewahi kuona chumba cha seva kilichopata "ndiyo" kwa kila swali la kufuli. Kufuli lilikuwepo, zito, la chuma. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango ili mfagiaji asisumbuke kumtafuta mtu asubuhi. Ndani, juu ya kabati la seva, walikuwa wameweka maboksi ya vyandarua. Fomu haikuwa na swali la msumari.

Tofauti nyingine ni kalenda. Nilikofanya kazi, ripoti ya PDPO ilikuwa na mwezi wake, kila mtu akiujua kama anavyoujua mwezi wa bajeti. Tathmini ilikuwa kitu kinachokuja na wageni: barua inaingia, watu wanaamka, sera zinachapishwa zikiwa bado moto, wageni wanaondoka, watu wanalala.

Jambo moja linalorahisisha: PDPO yenyewe iko ndani ya NITA-U, ingawa sheria inaitaka iripoti moja kwa moja kwa bodi. Wako wanaolalamika kwamba mlinzi wa faragha hafai kupanga chumba katika nyumba ya mtu anayesimamia mifumo ya serikali, nami nakubaliana nao nusu. Kwa afisa wa chini, faida ni kwamba lugha za karatasi hizi zinakaribiana. Ushahidi ulioukusanya kwa ajili ya moja hutupi ukifika kwenye nyingine.

Watu huchanganya pia mahali pa kupeleka tukio. Tovuti ya wilaya ikichafuliwa na wadukuzi bila data ya mtu kuguswa, hilo ni la CERT.UG, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya kompyuta kilicho chini ya NITA-U. Kitabu cha wageni kikifungia chapati, hilo ni la PDPO peke yake. Kompyuta ya zahanati ikifungwa na wadukuzi wanaodai pesa ndipo waifungue, na humo kuna majina ya wagonjwa, ni la wote wawili, na polisi juu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ndiyo ya polisi. Ni sheria ya makosa ya jinai, haina ripoti ya mwaka ya kujaza, ijapokuwa kila warsha humpata mmoja anayeitafuta hiyo fomu.

ISO: kwa kifupi

ISO 27001 ni kiwango kizuri. Toleo la 2022 lina vidhibiti 93 katika kiambatisho chake, cheti huenda kwa mzunguko wa miaka mitatu na wakaguzi hurudi kila mwaka kati yake. Ni gharama, na kila marudio ni gharama. La kuangalia zaidi ni mipaka: taasisi ndiyo inayochagua cheti kihusu sehemu gani. Unaweza kuthibitishiwa kitengo kimoja cha seva huku masjala iliyo ghorofa ya chini ikiwa na mafaili sakafuni. Mtu akikuonyesha cheti, usisome jina. Soma mstari wa mipaka. Kama hushindanii zabuni na hakuna mfadhili au benki inayokidai, kiache kwa sasa.

Na ile FISMA ya Wamarekani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ina mafunzo ambayo warsha huyaruka. Sheria ya kwanza ni ya Desemba 2002, ikafanyiwa marekebisho makubwa Desemba 2014. Mgawanyo wa kazi uko wazi: taasisi ya viwango, NIST, inaandika vidhibiti, ofisi ya bajeti ya rais, OMB, inasimamia sera na kupeleka ripoti ya mwaka kwa Bunge lao, wizara ya usalama wa ndani, siku hizi kupitia CISA, inatoa amri za kiufundi ambazo wakala za kiraia lazima zitekeleze. Mkuu wa wakala ndiye mwenye jukumu, si fundi wake.

Kiungo chenyewe ni mkaguzi. Kila mwaka mkaguzi mkuu wa ndani wa kila wakala, asiye chini ya fundi yeyote, anafanya tathmini yake ya pekee na kuipa wakala ngazi, kutoka ya 1, ambapo mambo hufanywa kibubusa, hadi ya 5. Kwa kawaida ukifika ya 4 ndipo husemwa mpango wako unafanya kazi. Ngazi ya 2 ni pale sera zimeandikwa lakini hazifuatwi kila mara. Nikiisoma ngazi hiyo huwa naona sura za watu ninaowajua.

Tena kuna saa. Tukio kubwa lazima Bunge lao lijulishwe ndani ya siku saba tangu wakala iwe na sababu za kuamini kwamba limetokea. Linganisha na Novemba 2024 hapa kwetu: habari za fedha zilizoibwa kwenye akaunti za Benki Kuu ziliingia magazetini, na ndipo Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, akathibitisha bungeni kwamba ni kweli akaunti zilidukuliwa, ingawa si kwa kiwango kilichokuwa kikisemwa. Wabunge walisoma gazeti kwanza.

Lakini asiwadanganye mtu kwamba wenzetu wamemaliza. Miaka ya mwanzo sheria ile iligeuka kiwanda cha karatasi. Mabunda ya hati za kuidhinisha mifumo yalitengenezwa na kuwekwa kabatini, ndiyo maana marekebisho ya 2014 yalisukuma ufuatiliaji wa kila siku badala ya mabunda. Na 2015 ikajulikana kwamba ofisi ya utumishi wa serikali yao, OPM, imeibiwa rekodi za uchunguzi wa watu milioni 21.5, hata alama za vidole zikiwemo. Mkaguzi wao alikuwa ameandika udhaifu wa ofisi hiyo kwa miaka kadhaa kabla. Ripoti zilikuwepo, zimepangwa vizuri, kila moja na tarehe yake.

Kwa hiyo kuinakili FISMA nzima wilayani ni kujitafutia kichaa. Nimechukua swali lake la nne tu.

Usisahau ile inayofungua

Mahali penye kufuli nyingi watu husahau Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005. Raia akiomba rekodi, ofisi ina siku 21 za kumjibu, na kila waziri anatakiwa kulipelekea Bunge ripoti ya mwaka ya maombi yaliyofika kwa taasisi zilizo chini yake, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pamoja na sababu. Nimeshuhudia mkataba wa barabara ukinyimwa mwananchi kwa jina la "ulinzi wa data". Mkataba wa barabara si faili la mgonjwa. Ukiandika daftari la matukio, weka na ukurasa wa maombi ya taarifa hapohapo. Kazi ni ileile.

Basi uchague vipi

Kama ni wilaya, hospitali, shule au wakala ndogo inayotumia mifumo iliyojengwa na wizara, anza na PDPO. Mfumo wa malipo si wako, seva si yako, lakini majina, namba za simu na mafaili ya wagonjwa ni mzigo wako, na sheria inazitazama taarifa za afya kwa jicho kali zaidi. Kama wakala yako inaendesha mfumo wake wenyewe ambao umma unautegemea, wa leseni tuseme au wa malipo, usisubiri: tathmini ya NITA-U iende sambamba na PDPO, hata kama lazima uombe mtu wa kuazima. Hapo shimo moja linaangusha watu wengi kabla ripoti ya Septemba haijaandikwa.

Katika ofisi niliyohamia tulifanya hivi. Tulinunua kitabu kimoja kigumu cha mistari, safu sita: tarehe, kilichotokea, data ya nani, nani kaambiwa na saa ngapi, hatua, limefungwa lini. Kila mtu ana ruhusa ya kuandika, hadi dereva. Halafu nikaenda kwa mkaguzi wa ndani, mama mmoja mpole anayeogopwa na watu wa stoo, nikamwomba siku moja tu kila robo mwaka: achukue majina matano ya watumishi waliostaafu au kuhama, aone kama akaunti zao zimefungwa, kisha asome kitabu na kutia sahihi. Robo ya kwanza majina matatu kati ya matano bado yalikuwa yanafungua mfumo. Getini tuliondoa safu ya namba ya kitambulisho, tukaacha kitabu tukaweka karatasi ya siku moja moja, ambayo askari huirudisha masjala jioni.

Mwisho wa robo hiyo kitabu kilikuwa na mistari tisa. Nilipokipeleka kwa bosi alivaa miwani, akasoma taratibu, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Hivi ni lazima yote haya yaende Kampala?"

"Hapana, mzee. Saba ni ya kurekebisha wenyewe. Mawili ndiyo ya kwenda: flashi ya mishahara iliyopotea, na orodha ya wagonjwa iliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi."

"Lini?"

"Yalitakiwa yawe yamekwenda siku ileile."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda, kisha akaomba kalamu.